Mlango wa Wenye Shida

Harub aliitandaza ramani ya nyumba juu ya meza ya kulia, Ijumaa baada ya chakula, akaizuia pembe moja kwa bakuli la tende na nyingine kwa simu yake. Nyumba ya padri, alisema, katika kijiji cha kaskazini ya Uingereza, imejengwa kabla babu yake hajazaliwa. Mapadri wa siku hizi hawaiwezi kwa ukubwa. Kanisa liliiuza zamani, ikapita mikono ya watu, na sasa ni yake. Wangehama Muscat kabla joto halijaanza. Masouda, mkewe, alitakiwa kuacha kazi tu.

Akamwonesha picha. Kuta za mawe ya kijivu, nene hata mtu angeweza kujilaza dirishani. Madirisha marefu yaliyochongoka juu. Paa la vigae vya mawe meusi limeinuka kwa ukali ili theluji isikae, na juu yake dohani zimejipanga kama askari. Nyuma ya ukuta wa bustani, makaburi.

"Majirani wapole," Harub alisema.

Masouda alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye ramani. Kazi yake ni kukagua ramani za ujenzi katika ofisi moja ya Al Khuwair, na nyumba ya wake wawili huijua kabla hajasoma jina la mwenyewe: milango miwili, ngazi mbili, majiko mawili, na upande mmoja ambao mume huandika kuwa ni wa wageni. Nyumba hii ya padri ilikuwa na mlango mkubwa mbele na mwingine ubavuni. Ilikuwa na ngazi pana ya ukumbini, na nyingine nyembamba nyuma, isiyoonana na ile ya kwanza.

Aliipiga picha kwa siri, na Jumapili, wiki ya kazi ilipoanza, akamwonesha Muhsina, wanayekaa naye chumba kimoja kazini. Muhsina hakuhitaji hata kuvaa miwani.

"Hongera, shoga. Umejengewa mwenzio."

Tangu siku hiyo Masouda akaanza kumchunguza mumewe. Harub alikuwa akienda Uingereza mara kwa mara kwa biashara ya vipuri, na safari ya mwisho alirudi akinywa chai ya maziwa isiyo hiliki wala tangawizi. Kikombe alikiosha mwenyewe. Simu nyingine alizipokelea bustanini, akiuzunguka mti wa mkungu kwa sauti ya chini, na akirudi ndani alikuwa na bashasha kupita kiasi.

Jioni moja, Nankya, msichana wao wa kazi kutoka Uganda, alipokuwa akimimina chai, Masouda aliuliza ile milango miwili ni ya nani.

Harub alicheka mpaka akapaliwa. Akaeleza kwa raha, kama mtu aliyekuwa akilingojea swali hilo. Padri alikuwa mtu wa watu. Aliyefiwa alimwendea, anayetaka kuoa alimwendea, mlevi aliyetubu alimwendea, na wote hao wasingeweza kukanyaga mazulia ya mkewe, maana mapadri wa huko huoa. Kwa hiyo chumba chake cha kusomea kiliwekewa mlango wa peke yake ubavuni, kama sisi tunavyowatengea wageni wanaume mlango wa majilisi. Ngazi ya nyuma ilikuwa ya watumishi, wapandishe maji na makaa bila kuonekana.

"Basi hiyo ngazi ni yangu, baba," Nankya alisema. "Na huo mlango wa wenye shida, saa hii ni wa nani?"

Harub akamwambia amimine chai, mazungumzo ya ukumbini si yake. Lakini Masouda alikuwa amepumua. Aliona haya, na kesho yake akamwambia mkubwa wake kwamba ataacha kazi mwisho wa mwezi.

Ijumaa iliyofuata, Harub akiwa msikitini, aliifungua tena ramani. Alitaka tu kujua mazulia yake yataenea wapi. Safari hii aliisoma kama anavyosoma za kazini: mistari myeusi ni nyumba ilivyo, myekundu ni itakavyojengwa. Ghorofani hapakuwa na wekundu wowote. Jiko kubwa lilibaki vilevile. Wekundu wote ulikuwa kwenye chumba cha padri: choo kipya, nafasi ya kitanda, jiko dogo, na mlango wenye kufuli wa kukitenga na ukumbi.

Akainama asome vipimo vya jiko dogo. Meza ya kupikia, urefu wa kwenda juu, sentimita sabini na nane.

Masouda ni mfupi. Walipojenga nyumba hii ya Madinat Sultan Qaboos, kipimo hicho alimpa fundi yeye mwenyewe. Harub huiita meza ya chekechea, na Nankya, ambaye ni mrefu, kila siku hulalamika kwamba inamvunja mgongo.

Harub aliporudi, alimkuta amesimama, kidole kipo pale pale.

"Fundi wako wa Kizungu kanijuaje kimo changu?"

Harub alivua kofia, akaitazama ndani. "Nlitaka ustarehe, Bi Masouda."

"Na jiko kubwa atapika nani?"

Masouda aliusikia mwiko wa Nankya ukisimama jikoni.

"Mwenzio ana watoto wawili, wadogo," Harub alisema. "Wanahitaji nafasi. We mtu mzima, utafahamu."

Kazini, ramani iliyokataliwa hukunjwa michoro ikiwa nje, ili mwenyewe asijifanye hakuiona. Masouda aliikunja hivyo, akamkabidhi mkononi.

"Hii nairudisha. Nenda nayo, na huo mlango upite wewe ukiwa na shida."

Kisha akampigia mkubwa wake amwambie kwamba haachi kazi, akaingia jikoni. Nankya alikuwa ameinama juu ya sufuria, akijitia hajasikia neno.

"Mama, kwani Uingereza khalas?"

"Hatwendi."

Nankya alinyoosha mgongo, akajishika kiuno. "Basi tuinue hii meza kidogo, mama. Kama tunabaki."

"Meza hiyo haiguswi," Masouda alisema, akachukua kisu na vitunguu.