Mafuta ya Mfupa wa Man-gil

Pyo Man-gil alianguka kutoka jukwaani akipaka rangi ubavu wa meli, kantini ikiwa imeshaanza kunukia supu, na mfupa wa paja ukavunjika. Wenzake walitaka kuita gari la wagonjwa. Msimamizi Ma akawazuia. Gari hilo likiingia kiwandani, serikali inajua, na bango la langoni linalohesabu siku bila ajali linarudi sifuri. Pale Ulsan, mji wa Korea wa kuunda meli, kila mtu anajua hilo, na kila mtu amenyamaza.

"Mpakieni kwenye pikapu," alisema Ma. "Na wewe Man-gil, hospitali useme umeteleza kwenye ngazi za nyumbani. Umenisikia?"

"Kaka, nifungieni mguu hata na ubao basi."

"Acha kudeka! Ni hapo tu."

Hapo tu! Pikapu ilipiga matuta yote, mguu ukichezacheza chini ya turubai. Kesho yake Man-gil alianza kuhema, kifua kikatoka vidoadoa vyekundu, akawa anamwita mkewe, Ok-rim, kwa jina la mama yake. Daktari alieleza kwamba mafuta ya ndani ya mfupa uliovunjika yalikuwa yameingia kwenye damu, yakaziba mapafu na ubongo. Mguu ungetulizwa mapema, huenda angepona. Akafa. Mimi nasema walimuua.

Baada ya mazishi Man-gil mwenyewe alirudi kazini. Alipanga foleni ya kantini akichechemea, mafuta yakimtoka nyayoni, na mfagiaji akawa anamwaga maranda nyuma yake. Wenzake walisogea kumpisha. Ma alimkaripia kwa kuja bila kofia ngumu.

Ok-rim alikwenda ofisini kwa Ma. Alitaka kitu kimoja: kampuni ikiri kwamba mumewe alianguka kazini.

"Ajali gani, shemeji?" Ma alionyesha dirishani. "Si yule pale? Hajakosa hata zamu moja. Maiti anakuja kazini?"

"Mlimuua, mbwa nyie!"

"Kunywa kahawa, shemeji, inapoa."

Nje, fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa ameanguka, naye wamempakia kwenye pikapu. Man-gil alikuwa ameshapanda nyuma, ameushika mguu wa mwenzake kwa mikono miwili usicheze. Ndiyo kazi waliyompangia sasa.

Ok-rim alifungua dirisha. "Teremka, Man-gil! Teremka twende nyumbani!"

"Nikiteremka, nani atamshikia?"

Ma akampigia dereva kelele atokee lango la nyuma, maana mbele kulikuwa na wageni waliokuja kukabidhi tuzo ya usalama.