Kituo 843 Kinahama

Émérance alichungulia dirishani mpaka shingo ikamuuma. Ndege ya binti yake Laetitia ilikuwa inakaribia kutua uwanja wa ndege wa Zaventem, na Kelly, mwenzake wa kumpokea zamu ya kumtunza mzee, hajatokea. Mtoto alimwacha Bukavu kwa shangazi akiwa bado wa kubebwa mgongoni, makaratasi yakaenda na kurudi miaka na miaka, leo ndiyo leo, halafu mama mtu amekwama mtaani Koekelberg na mzee wa watu! Akapiga simu tena.

“Maman Émérance, pardon!” Kelly alikuwa anahema. “Tram imesimama, bon, hatujue itatembea saa ngapi. Donc univumiliye kidogo.”

“Kelly, mutoto wangu atatoka pale peke yake! Hanijue hata sura!”

Simu ikakatika. Akapiga ya ofisini kwao, nayo ikaita weee bila kupokelewa. Na mzee hakuwa wa kuachwa, alishawahi kuwasha jiko akalisahau. Émérance akavaa koti, akalivua, akalivaa tena.

“Mbona hutulii?” akauliza Papa Ghislain kutoka kiti chake cha magurudumu pale dirishani.

Huyu alikuwa Mbelgiji wa karibu miaka mia. Vita vikuu vya pili alikuwa msomaji wa rada juu ya kilima, katika jeshi la anga la Waingereza, na kichwani mwake vita hivyo bado vinaendelea. Mfanyakazi akiingia sharti aseme, “Kituo 843, nimeshika zamu. Pumzika.” Asiposema, mzee hali wala halali. Kutoka nje ndiyo hataki kabisa, hata kwa daktari, kwa sababu mtu haondoki kwenye kioo cha rada hivi hivi. Wiki ya kwanza Émérance alichanganya, akasema kituo 15. Lo! Mzee aliwaka. 15 ni aina ya mtambo, vituo kadhaa vilikuwa nao. 843 ndiyo wao wenyewe. Émérance aliona ni mambo ya uzee tu, akawa anaitikia.

“Binti yangu anafika, papa, na hakuna wa kushika zamu.”

“Basi huondoki.”

“Najua!” alimkaripia, kisha akaona haya. Akajiinamia, machozi yanamlenga. “Na nyinyi, adui aliposogea, kile kilima chenu mlimwachia nani?”

Mzee akacheka. “Kilima? Kilima hakina namba! Namba ilikuwa yetu sisi, watu na malori. Tulikunja antena, tukapanda, na 843 ikaenda nasi. Tukifika, tunawasha tena.”

Émérance akamtazama. Akachukua koti la mzee.

“Kituo 843 kinahama, papa.”

“Kwa nini?”

“Kuna mmoja anakuja, yuko peke yake. Hapa hatumwoni.”

“Upande gani?”

“Zaventem.”

Papa Ghislain akafikiri, kisha akanyoosha mkono autie kwenye koti.

Ndani ya teksi kila walipoingia handaki mzee alilalamika kuwa haoni kitu. Émérance alikuwa anaomba Mungu kwa sauti, dereva asikie, asisikie, shauri yake. Walipofika kwenye mlango wa wanaowasili, watu walikuwa wameshaanza kumiminika, na yeye kila msichana aliona ni wake.

“Yule pale,” mzee akanyoosha kidole. “Mrefu, anakwenda polepole. Hajui njia.”

Msichana alikuwa na begi moja na pua ya shangazi mtu.

“Wetu?” akauliza mzee.

“Wetu, papa.”

Akamwendea, mikono wazi. Msichana akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu.

“Bonjour, madame,” akasema.

Maskini Émérance, mikono ikamshuka. Madame! Mtoto wa tumbo lake! Akasimama pale hajui aiweke wapi mikono hiyo.

“Msichana!” Papa Ghislain akafoka kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, miguuni ana ndara za nyumbani. “Mama yako amekaa zamu miaka yote hii akikutazamia wewe. Mwambie apumzike!”

Laetitia akamtazama yule mzungu, kisha mwanamke mwenye koti lililofungwa vifungo kombo. Akaweka begi chini.

“Pumzika, maman,” akasema.

Émérance alilia mbele za watu, kilio cha kwikwi, binti akimshika. Simu ikaita mfukoni.

“Maman Émérance, nimefika, lakini nyumba iko bule, hakuna mutu! Muko wapi?”

“Mwambie tumehama,” akasema Papa Ghislain. “Na tumeongezeka mtu mmoja.”