Mwenyewe Aje na Kitambulisho

Mkaa ulikuwa umepanda bei tena, kwa hiyo Mama Pasi alijaza nusu ya pasi na kunyoosha haraka kabla haujawa majivu. Alikuwa kwenye kola ya shati la mwalimu mmoja, mtu anayechelewa kulipa lakini hachelewi kuona mkunjo, pale fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alipokuja amemshika mkono mzee.

"Mama Pasi, nimemkuta baba yako kituo cha mafuta. Yuko peke yake."

Baba alikuwa ameshika kamba. Upande wa pili wa kamba hapakuwa na kitu.

"Na mbwa?"

"Gari la manispaa limepita. Wamemrusha nyuma pamoja na wengine. Nimewaambia huyo ana mwenyewe, wakasema basi mwenyewe atamfuata."

Mama Pasi aliweka pasi juu ya kigae, akavua leso begani, akaifunga kiunoni. Fundi akamwambia aende tu, nguo za watu atazitupia jicho.

Mbwa huyo hakuwa wa mapambo. Baba, aliyekuwa fundi bomba wa manispaa hiyohiyo mpaka wakampa saa ya ukutani na kumuaga, sasa alikuwa anasahau. Alisahau kama amekula, alisahau kwamba mkewe alikufa, na zaidi ya yote alisahau nyumbani ni wapi. Lakini kila kukicha miguu ilimwasha atoke kukagua mabomba. Mbwa alitoka naye, na mzee akianza kuzubaa, mbwa aligeuka na kumvuta kwa kamba hadi mlangoni. Ndiyo maana binti yake aliweza kupiga pasi. Bila mbwa zilibaki njia mbili tu: amchunge baba walale njaa, au amfungie ndani na kuondoka. Alikwisha kuapa mbele ya kaburi la mama yake kwamba hatamfungia.

Jina la mbwa lilikuwa Mwenyewe. Hakuna aliyemnunua wala kumwomba. Siku moja ya mvua aliingia, akalala chini ya meza ya pasi, na kila aliyeuliza nani kaleta mbwa alijibiwa, "Kaja mwenyewe." Jina likanata.

Mwaka uliopita gari la vipaza sauti lilikuwa limepita mitaani likitangaza kwamba kila mbwa lazima achomwe chipu, na mbwa mwenye chipu hapotei. Manispaa ikianza kukupenda ghafla, shika mfuko wako. Mama Pasi aliushika, kisha akaufungua akalipa, akapanga foleni juani. Daktari wa mifugo alimdunga Mwenyewe begani kitu kidogo, sawa na punje ya mchele. Karani mwenye kishikwambi, bila kuinua uso, akauliza, "Jina?"

"Mwenyewe."

"Simu?"

Akaitaja.

"Anayefuata."

Ndiyo yote. Akarudi nyumbani akijua mbwa wake sasa anajulikana serikalini.

Ofisi ya banda la mbwa ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, benchi, na feni iliyomwelekea karani peke yake. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Mama Pasi, amevaa koti jipya la manispaa. Mbwa walikuwa wakibweka nyuma ya ukuta. Mama Pasi alimkalisha baba benchini, akasalimia, akaeleza.

"Mweusi, sikio moja limekatika? Yupo," karani alisema. "Chipu imesomeka vizuri kabisa."

"Basi namshukuru Mungu. Ni wangu."

Karani alitazama kioo cha kompyuta. "Si wako, mama. Hapa kwenye mmiliki pameandikwa Mwenyewe."

"Hilo ni jina la mbwa."

"Pa jina la mbwa pako wazi. Mmiliki, Mwenyewe. Kwa hiyo Mwenyewe aje na kitambulisho."

Mama Pasi alidhani anataniwa, akacheka kidogo. Karani hakucheka.

"Mwanangu, sikiliza. Mbwa anaitwa Mwenyewe. Mwenzako aliniuliza jina, nikajua anauliza la mbwa, maana mbwa ndiye alikuwa anachomwa. Mimi hamkunichoma."

"Mimi sikuwepo. Mimi nasoma kilichoandikwa."

"Namba ya simu je? Si ipo hapo? Ipige."

Karani alivuta pumzi, akatoa simu yake mwenyewe. "Nabipu tu. Vocha yangu siyo ya serikali." Akabonyeza. Simu ikalia kiunoni mwa Mama Pasi, ndani ya fundo la leso. Akaifungua, akaiweka juu ya kaunta ikiendelea kulia, wote wawili wakaitazama mpaka ikakata.

"Umeona?"

"Nimeona. Lakini simu, mama, anaweza kuwa nayo mtu yeyote. Hata mwizi anaweza kuwa na simu ya Mwenyewe."

"Na kama namba yangu mnayo, mbona hamkunipigia mlipomkamata?"

"Kwani umeona bajeti ya vocha hapa?"

Mama Pasi alikunja ngumi chini ya kaunta. Mtu mwenye shida akikasirika mbele ya karani, shida huwa mbili. Akauliza kwa sauti ya chini jina linabadilishwaje.

"Rahisi tu. Mmiliki wa sasa anakuja anasaini kwamba amekukabidhi."

"Mmiliki wa sasa ni mbwa."

"Mama, usinichoshe."

Wakati huo, katika kelele za nyuma ya ukuta, sauti moja ilipanda juu ya nyingine, nzito na ya kukatakata. Baba akasimama. Uso wake uliokuwa umelala tangu asubuhi ukaamka.

"Mwenyewe huyo," alisema.

Karani alimtazama mzee, kisha kioo, kisha mzee tena. Kwa mara ya kwanza alionekana kutaka kusaidia, au kutaka kumaliza kazi. "Huyu mzee ndiye Mwenyewe? Kama ndiye, aseme tu, niandike kitambulisho kitafuata."

Mama Pasi alimwinamia baba. Hakuwahi kumfundisha baba yake kusema uongo. Utotoni yeye ndiye aliyechapwa na baba kwa kukana kwamba amelamba sukari. "Baba, akikuuliza, sema ndiyo. Ndiyo tu, baba."

"Mzee," karani aliuliza, "wewe ndiye Mwenyewe?"

"Mimi?" Baba alishangaa. "Mwenyewe yuko nyuma huko. Huyu mtoto hasikii? Mfungulie."

Karani akafuta alichokuwa ameanza kuandika. Akasema basi iliyobaki ni hati ya kiapo kutoka mahakamani, yenye muhuri, na afanye haraka. Zamani waliwaweka mbwa siku tatu, lakini chakula kimepanda. Siku hizi aliyeingia asubuhi anachomwa sindano mchana.

"Sindano ya nini tena? Si alishachomwa?"

"Ya kulala, mama."

Mahakama ilikuwa mbali na baba alikuwa mzito wa kutembea. Njiani alisimama kwenye kila mfuniko wa chuma, akaugonga kwa kisigino, akasikiliza. Hakukuwa na kamba ya kumvuta; kamba ilikuwepo ila hakuna aliyeivuta. Mama Pasi alimbembeleza, akamsukuma, akamfokea, kisha akaona aibu, akamshika mkono. Dirisha la viapo lilikuwa na foleni. Mwandika viapo aliandika kwamba yeye, mpiga pasi, mwenye akili timamu, ndiye mmiliki halali wa mbwa mweusi aitwaye Mwenyewe. Muhuri ulipogonga karatasi, alihisi kama kagongwa yeye begani, na safari hii kwa jina lake.

Waliporudi, nyuma ya ukuta palikuwa kimya.

Karani aliisoma hati yote, mpaka chini. "Hii sasa ndiyo karatasi," alisema. "Ungekuja nayo asubuhi, tusingesumbuana."

"Niletee mbwa wangu."

"Daktari ana safari, mama. Amewachoma mapema." Karani alivuta kompyuta karibu na kuanza kuandika jina la Mama Pasi, herufi moja moja, bila kukosea. "Haya, umeingia. Sasa wewe ndiye mmiliki rasmi. Kwa hiyo kuna gharama ya sindano, na ya kumfukia. Saini hapa."

Mama Pasi aliitazama kalamu. Asubuhi nzima alikuwa ameomba aitwe mwenye mbwa, na sasa ameitwa.

"Mwenyewe mmemuua," alisema. "Mdaini yeye."

"Mama, usiposaini tutakufuata. Namba yako tunayo."

"Mtapiga kwa vocha ya nani?"

Alivuta hati yake kutoka mikononi mwa karani, ikachanika pembeni, akaikunja na kuifunga kwenye leso. Hakusaini. Chozi lilimtoka mbele ya mwanamke yule, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Nje, baba alikuwa bado ameshika kamba. Aligeuka huku na huku mlangoni, akitafuta njia. Mama Pasi akaokota ncha ya pili iliyokuwa ikiburuta vumbini, akaizungushia kiganja.

"Twende, Mwenyewe," baba alimwambia, akatulia, akamfuata. Hakusimama tena kwenye mfuniko hata mmoja mpaka walipofika mtaani kwao.

Mashati yalikuwa yakimsubiri, na kwa kamba hiyo angehitaji mikono mitatu. Alisimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kuomba kufuli. Muuzaji akauliza la kufungia nini, ili ajue ampe saizi gani.

"Baba," alisema.