Ndani ya Kisima cha Ndila

Ndila alisikia kelele kabla hajafika mtoni, na sauti iliyozidi zote aliijua: ni ya mwanawe, Muindi. Akautupa mtungi wake, akakimbia, na magoti yale mabovu yakimlalamikia.

Mto ulikuwa mchanga mtupu, kama kawaida ya mito ya huko Kyuso kabla ya mvua. Kila boma lilikuwa limechimba kisima chake humo na kukizungushia miiba, na visima vilikuwa vimeshapita kimo cha mtu. Cha Ndila kilikuwa kimezingirwa na vijana wenye mapanga. Ndani yake Adan, mchunga ngamia, alikuwa amejibana kwenye ukuta wa mchanga.

"Ngamia zao zimemaliza ndengu yangu yote shambani, mwaitu," Muindi alimwambia mama yake. "Akipanda tunamfunza adabu. Akikaa huko, shauri yake."

"Ni huyu alileta ngamia kwa shamba?"

"Wote ni wale wale!"

Mchanga ukamwagika kutoka ukingoni. Vijana, kwa werevu wao mwingi, wakasogea karibu zaidi ili waone vizuri. Hakuna mtoto wa Kyuso asiyekatazwa kusimama ukingoni mtu akiwa kisimani, maana miguu ya walio juu ndiyo inayobomoa. Hasira ilikuwa imewasahaulisha.

Adan alifunikwa hadi magotini. "Mama, nilikuwa nataka maji ya kunywa tu," alisema.

Ndila aliogopa. Tusimsingizie ushujaa ambao hakuwa nao: alitamani arudi nyumbani ajifungie mlango. Kisha akajifunga leso kiunoni, akaketi ukingoni, akajiteremsha.

"Mwaitu! Umerukwa na akili?"

"Rudini nyuma nyinyi! Mnataka kunizika?"

Wakarudi nyuma. Ndila alichimba kwa mikono mpaka miguu ya Adan ikatoka. Hapo bonge kubwa la mchanga likaporomoka, likampiga Ndila mgongoni na kumfukia hadi kiunoni. Muindi akatupa panga, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono.

"Nishike, mwaitu! Haraka!"

Ndila akamsukuma Adan mbele. "Huyu kwanza."

"Kisima kinaanguka!"

"Naona. Si mimi ndio niko ndani? Huyu kwanza, ama utuache wote wawili."

Muindi alimtazama mama yake usoni akitafuta mzaha, asiupate. Akamshika Adan mkono, akavuta kwa nguvu zake zote huku machozi yakimtoka.

Adan akatokea juu. Njia ya kukimbia ilikuwa wazi, hakuna kijana aliyeiziba. Hakuitazama hata kidogo. Aligeuka, akalala kifudifudi kando ya Muindi, bega kwa bega, akanyoosha mkono wake kisimani.

"Mama, shika na huu."

Ndila akaishika mikono yote miwili, nao wakavuta pamoja.