Breki za Verlyn

Vikombe vya mume wangu Verlyn ni ishirini na tatu. Vimejipanga juu ya friji kuukuu la gereji, plastiki tupu iliyopakwa rangi ya dhahabu, na miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikivifuta vumbi. Nikikumbuka, natamani kutema mate.

Tusije tukaelewana vibaya, mashindano ya magari siyachukii. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiikimbiza Nova yangu robo maili mpaka goti lilipoharibika, ndipo nikamwachia mume wangu usukani. Gari ni langu, la mwaka sabini na mbili, na Ijumaa huwa naenda nalo kazini, jikoni pale shuleni. Injini ni kazi ya baba yangu, Norbert. Aliijenga nati kwa nati gerejini kwetu, na siku alipoiwasha mara ya kwanza akanipigia kelele juu ya mngurumo wake, "LaVonne! Hii itamaliza kwa sekunde kumi na moja na ushei. Isipomaliza, nizikeni na spana mdomoni!"

Haikumaliza. Kila Jumamosi Verlyn alirudi kutoka mwisho wa njia na kile kikaratasi cha muda wanachotoa kibandani, akakisoma kwa sauti, maana macho ya Baba hayaoni tena maandishi madogo. "Kumi na mbili nukta mbili, Mzee." Jumamosi ya pili, kumi na mbili nukta mbili. Ya tatu, hivyo hivyo.

Baba alihangaika, jamani. Aling'oa kiti cha nyuma, akatoa tairi la akiba, akapunguza upepo wa matairi ya nyuma kidogo kidogo hadi yakashika lami barabara. Alinunua mifuko ya barafu akawa anailaza juu ya injini kati ya mbio na mbio, ili ivute hewa baridi. Wapi! Siku moja akamwambia Verlyn, "Nikiwa huku mwanzoni nasikia kama inakata pumzi kule mwisho."

"Ndiyo, Mzee," Verlyn akajibu. "Kule mwisho inaishiwa kabisa."

Kwa neno hilo Baba aliifungua injini majira ya baridi matatu mfululizo. Mnajua baridi ya huku kwetu Minnesota. Kihita cha gereji kinapasha miguu tu. Alibadilisha kamshafti, ule mhimili unaofungua vali. Mwaka uliofuata akabadilisha springi za vali. Wa tatu akavua vichwa vya injini akavichonga upya, mzee wa miaka sabini na sita, vidole vimemvimba kwenye maungio hadi nikawa namkatia nyama mezani. Mwaka huu, ilipofika Septemba, akaniambia bila kunitazama, "Mikono yangu imekwisha, mwanangu. Injini mbovu nimeijenga mwenyewe, na kosa lake silioni. Jumatatu Arlo, fundi mwenzangu, anakuja kununua vifaa vyangu."

Vile vifaa anavyo tangu alipotoka jeshini. Nilikwenda kulia kwenye chumba cha kufulia.

Na huko huko chumba cha kufulia, Alhamisi, nikafua jaketi la mashindano la Verlyn. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema, na mimi nilikitoa mfukoni kwa mkono wangu: vikaratasi vya muda vya msimu mzima, vimefungwa kwa mpira. Sikuwahi kuvisoma. Nani asome, na mume wake kishasoma? Lakini kikaratasi kile hakiandiki muda wa mwisho peke yake. Kinaandika pia ulipofika nusu ya njia ulikuwa na sekunde ngapi na mwendo gani. Nusu ya njia Nova yangu ilikuwa ikipita kama gari la sekunde kumi na moja, tena bila jasho. Halafu mwishoni mwendo unaporomoka. Injini haiporomoki hivyo. Huo ni mguu wa mtu.

Ijumaa nikaviweka mezani, karibu na sahani yake. "Verlyn, hii nini?"

"Ah, siku hizi unanipekua mifuko?"

"Nafua jaketi lako linalonuka. Nijibu. Hapa mwisho unafanya nini?"

"Nagusa breki kidogo." Akaendelea kutafuna. "Usijifanye mgeni, LaVonne. Kila mtu anagusa."

Mgeni si mimi. Mbio zetu za vikombe ndivyo zilivyo: unaandika kwenye kioo cha gari, kwa kiwi nyeupe ya viatu, muda unaodai gari lako litatumia. Mwenye gari la polepole anatangulia kuondoka. Atakayefika mbele ndiye mshindi, ila ukikimbia haraka kuliko ulivyoandika, umeshindwa. Basi wajanja wanaandika muda wa uongo, wanakuja na nguvu zao zote, halafu mwishoni wanafunga breki wapite kwa unywele. Na ili uongo usijulikane, hata kwenye mbio za mazoezi wanafunga breki. Ujanja huo naujua. Sikujua tu kwamba unalala kitandani kwangu.

"Na Baba je?" nikamuuliza. "Miaka mitatu anatafuta ugonjwa ambao haupo!"

"Mzee anapenda kufungua injini. Inampa shughuli." Akakata kipande cha mkate. "Na ningemwambia vipi? Mdomo wake hauna kufuli. Uwanja mzima ungejua kesho yake. Kesho fainali, mke wangu, acha mambo haya."

Akafuta mchuzi wa sahani kwa ule mkate, pole pole, hadi sahani ikang'aa, akajilamba kidole. Miaka ishirini na sita nimemwona akifanya hivyo. Jioni ile nilisikia kinyaa mpaka nikainuka mezani.

Jumamosi asubuhi tukafika uwanjani. Verlyn alikuwa ameshaandika kiooni, 12.20, kwa mwandiko wake mzuri, akaenda kwenye soseji na wenzake. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, mifuko miwili ya barafu mapajani. Nikachukua helmeti yangu ya zamani. Ile namba nikaifuta kwa mkono wa sweta.

"We mtoto, unakwenda wapi na goti hilo?"

"Naenda kuiuliza injini yako, Baba."

"Ngoja basi niiwekee barafu."

"Haihitaji barafu."

Ilikuwa zamu ya mazoezi, kila mwenye gari anaruhusiwa. Nikazungusha matairi papo hapo kwenye maji yapate joto, mpaka moshi ukaniingia mdomoni, nikasogea kwenye taa za kuanzia. Pembeni, kwenye uzio, nikamwona Verlyn, soseji mkono mmoja, mwingine anaupunga kama anafukuza nyuki. Nyoo! Taa za manjano zikashuka, nikakanyaga. Gia ya pili, gia ya tatu, goti linaniuma kama jino bovu, na mguu wangu sikuuinua. Nilipita nusu ya njia, nikapita pale Verlyn anapogusaga breki zake, na injini ya baba yangu ikazidi kuvuta. Haikukata pumzi hata kidogo. Nilikuwa nalia ndani ya helmeti na kumtukana mume wangu kwa pamoja.

Kurudi, nikasikia Butch, mtangazaji wetu, anababaika kwenye spika. "Nova ya... ngoja kwanza. Kumi na moja nukta nane nne! Ile Nova ya kumi na mbili nukta mbili! Verlyn, kaka, njoo utueleze, mkeo ameitia pilipili?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hawa ndio wanaofunga breki wote, na ndio waliocheka kuliko wote.

Nikachuchumaa mbele ya Baba, nikamsomea kikaratasi mstari kwa mstari. Nusu ya njia. Mwendo. Mwisho, kumi na moja nukta nane nne, maili mia na kumi na nne kwa saa. Halafu nikatoa vile vya mfukoni, nikamsomea navyo. Kufikia cha tatu akaniinulia kiganja ninyamaze. Fundi haelezwi mara nne.

Verlyn akaja anahema. "Umeniua, LaVonne! Msimu mzima umeutia moto! Nani ataniamini sasa nikiandika kumi na mbili?" Ndipo akamwona Baba. "Mzee, usilichukulie vibaya. Ndio mchezo wenyewe. Wote tunafanya."

Baba hakupandisha sauti. "Ile kamshafti ya kwanza iko wapi?"

"Ile? Si ulisema nikaitupe, Mzee. Niliipeleka kwenye chuma chakavu."

"Ilikuwa nzima."

"Mzee..."

"Springi zilikuwa nzima. Vichwa vilikuwa vizima." Akavitazama vidole vyake juu ya barafu iliyokuwa ikiyeyuka. "Nami nalala chini ya gari kwenye ile baridi, nauliza, kosa liko wapi. Na wewe, Verlyn, ndiye uliyekuwa ukinishikia taa."

Verlyn akageuka kuwatazama wenzake waliomfuata. Wenzake wakakumbuka kwamba wana matairi ya kukagua.

Mnategemea niseme Baba alibadili nia, vifaa asiviuze. Aliviuza. Vidole havishiki tena spana. Zile baridi tatu zilivimaliza. Jumatatu Arlo alikuja na gari, akapakia kila kitu. Kitu kimoja tu Baba hakukiuza. Alikivuta mwenyewe na waya wake wote hadi jikoni, akakiweka mezani mbele ya Verlyn aliyekuwa anakunywa kahawa. Ile taa.

"Hii yako," akasema. "Umeifanyia kazi."

Niliipeleka mimi gerejini, nikaipanga juu ya friji, katikati ya vikombe. Vikombe sivigusi tena, vimeota vumbi kidole kizima. Taa naifuta kila Jumamosi.