Mtufaha wa Mzee Bonaventura

Tangu Mzee Bonaventura alipostaafu ukarani wa reli kule Manyoni na kuhamia Mwankoko, Agripina hakuwahi kumwona akifanya jambo la maana. Nyuma ya nyumba alikuwa na mtufaha mmoja, aliouleta ukiwa mche kutoka Njombe, na kwa mti huo alijivuna utadhani yeye ndiye anayeleta mvua. Miaka sita ulikuwa haujatoa hata ua. Agripina, jirani yake, ambaye mipapai yake ilizaa bila kubembelezwa, alimdharau waziwazi.

"Ninyi mmezoea mapapai," mzee humwambia kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa. "Hili ni tunda la watu waliosoma. Linataka baridi."

"Basi lipeleke shule, labda litazaa."

Mwaka jana mwezi wa saba, kipupwe kikiwa kimekolea, mzee aliona kwenye simu kwamba matawi yakivutwa chini mti huzaa. Akayafunga kwa kamba kwenye vigingi mpaka yakafika usawa wa kiuno, kisha akaenda msibani Ilongero siku mbili. Mtu mzima na akili zake anamwandalia mbuzi meza, halafu anaondoka! Mbuzi wa Agripina alikata kamba yake, akapenya uani, akala. Mzee aliporudi alikuta mti umebaki vijiti.

Alipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka. Philipo, mwenyekiti wa mtaa, ambaye Kiingereza cha mzee humtoa jasho, aliamua chapuchapu: mti umekufa, mbuzi achukuliwe kuwa fidia. Agripina hakuwa na mbuzi mwingine. Huyo alikuwa na mimba, na maziwa yake yalikuwa yakingojewa kwenye uji wa mjukuu. Agripina hakulia mbele yao. Alilia ndani, kwa hasira, akajifuta, akatoka kuanika mtama wake.

Wiki chache baadaye ule mti uliokufa ukachanua mweupe pee. Januari ukawa na matufaha kumi na moja, na mzee akaita watu waje waonje, pamoja na mwenyekiti na afisa kilimo wa kata, binti aitwaye Faith. Agripina naye akaenda. Hakufuata tunda. Mwezi wa pili sasa alikuwa akisikia mtoto wa mbuzi wake akilia kwenye zizi la mzee.

Faith alimwamkia mzee shikamoo, akauzunguka mti. "Kwenye nchi za baridi kali mti huu hupukutisha majani wenyewe, ukalala, ukaamka na maua," alisema. "Baridi yetu ya Singida haitoshi, kwa hiyo ni lazima mtu aupukutishe majani yote. Mzee, nani alikufanyia?"

Mtu mwenye haya angenyamaza. Mzee alikohoa.

"Niliyatoa mwenyewe, jani moja moja. Ni utaalamu."

Majirani wakatazamana. Wote walijua, na hakuna aliyesema. Midomo ilikuwa imejaa tufaha. Agripina aliwadharau wote kwa pamoja.

Akaweka kipande chake chini. "Mwenyekiti, umesikia. Majani aliyatoa mwenyewe. Sasa mbuzi wangu alikula nini?"

Philipo akaacha kutafuna. "Mzee, jibu. Kama ni wewe, mbuzi hana kosa. Kama ni mbuzi, basi hakuua mti, aliuzalisha."

Bonaventura akageukia mti wake. Hata Kiingereza hakikutoka.

Agripina hakumngoja. Aliingia zizini, akafungua kamba, akambeba yule mtoto kifuani na kupita na mama yake katikati ya wageni. Walipofika kwenye mtufaha, mbuzi alinyoosha shingo kulitaka jani. Agripina akamvuta.

"Achana nao," alisema, na kila mtu akasikia. "Mwaka huu atayatoa mwenyewe."