Nukta Kwenye Ripoti ya Maji

Wiki tatu baada ya kumzika mpima maji wa kiwanda cha ngozi, mwandishi wa ripoti ya mazingira ya kiwanda hicho alianza kusikia kikohozi ofisini. Kikavu, mara mbili, kisha kimya. Kilitoka chumba cha pili, maabara, iliyofungwa kwa kufuli tangu msiba. Alimwita mlinzi, wakafungua. Chupa za sampuli, koti jeupe msumarini, vumbi.

"Mama, humu hamna hata panya," alisema mlinzi. Lakini yeye mwenyewe hakuvuka kizingiti.

Mwaka uliopita marehemu alikuwa amemletea mwandishi kipimo cha sumu kwenye maji yanayomwagwa mtoni: kumi na nane. Mwisho unaoruhusiwa ni mbili. Mkurugenzi akacheka. "Weka nukta katikati, dada. Nani atakufa kwa nukta?" Akaiweka, ikasomeka moja nukta nane. Ripoti ikasifiwa, benki ikatoa mkopo nafuu wa viwanda visivyochafua, faida ikapanda, naye akapandishwa cheo. Mpima maji aliisoma, akamtazama, akakohoa, akarudi kwenye chupa zake.

Kwa ripoti ya mwaka huu, kipimo cha mwisho alichoacha marehemu kilikuwa ishirini na moja. Kidole cha mwandishi kilipogusa kitufe cha nukta, kikohozi kikaja nyuma ya kiti, karibu mpaka akahisi pumzi shingoni. Alitoka mbio bila mkoba, akaenda moja kwa moja kwa mjane.

"Shemeji, aliwahi kunitaja?"

Mjane aliendelea kukunja nguo. "Alikutaja. Alisema una roho nzuri, ila mwoga."

Alilia pale pale mkekani. Kesho yake aliandika ishirini na moja, akasahihisha na ripoti ya mwaka jana, akazipeleka benki mwenyewe. Maabara ikanyamaza. Mkopo ukasimamishwa, bei ya hisa ikaporomoka.

"Umetuvua nguo hadharani," mkurugenzi alimwambia, akimkabidhi barua ya kufukuzwa.

Benki ilikataa kurudi mpaka ujengwe mtambo wa kusafisha maji. Ulijengwa. Siku ulipowashwa, mwandishi alishuka peke yake mpaka mtoni. Mama mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa anajaza ndoo.

"Shikamoo, mama," yule wa ndoo alimwamkia. "Leo maji hayanuki, eti?"

Mtoto alikuwa na umri kama wa mwaka mmoja na nusu. Mwandishi alihesabu miezi, akarudi nyuma mpaka siku ya ripoti ile: mtoto huyu alikuwa amekunywa maji yale tangu azaliwe. Badala ya kuitikia marahaba, aliuliza mtoto alizaliwa lini.